Sufuria Mbili za Jumamosi

Mwaka nilioanza kazi ulikuwa mwaka wa michembe. Ndege walikuwa wameumaliza mtama ukiwa bado shambani, na mvua ilikuja kutusalimia tu ikaondoka. Basi tukala michembe asubuhi, michembe mchana, na jioni tukanywa maji yaliyochemshiwa michembe. Asiyeijua michembe nitamwambia: ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vyembamba, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama mbao. Unatafuna hadi taya zinaomba ruhusa. Mwenye maziwa ya kuteremshia alikuwa tajiri. Sukari ilibaki jina tu, maana Wazungu walikuwa wanapigana huko kwao na meli zilibeba risasi. Mkikutana na mzee wa Geita akawaambia alizaliwa mwaka wa michembe, mjue ni rika la mwanangu Shija, yule aliyekuja baada ya mapacha.

Mimi shule yangu ilikuwa ya katekisimu. Nilijifunza herufi kwa kufuata kidole cha katekista, na zilizobaki nimezifuata mwenyewe. Kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa humu. Nilikuwa mpishi wa kambi ya mapito, na najivunia kazi hiyo kuliko wengine wanavyojivunia viti vyao.

Niliingia kazini kwa sababu ya kikohozi cha mume wangu. Alikuwa akishuka shimoni kuchimba dhahabu, na vumbi la mawe likamkaa kifuani mpaka akawa hapandi kilima bila kupumzika. Mtu wa namna hiyo hashushwi tena. Nikajifunga kitenge, nikaenda kambini, nikamkuta nyapara mkuu amesimama jikoni. Nyapara ni msimamizi wa watu, yeye na kazi hawagusani, ila bila yeye hakuna kinachoanza. Huyu alikuwa mrefu, na alivaa kofia nyekundu ambayo sikuwahi kumwona hajaivaa, hata siku ya mvua.

"Wangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma chetu. "Unajua kusonga?"

"Nimesonga tangu sijaota meno ya ukubwani."

"Siulizi ugali wa nyumbani. Nauliza ule." Akanionyesha pipa la mafuta lililokatwa nusu, limekaa juu ya mawe, na ndani yake mwiko mrefu kama kafi la mtumbwi.

Nilipanda juu ya jiwe, nikaushika mwiko kwa mikono miwili, nikasonga. Ugali wa pipa hausongwi kwa mkono, unasongwa kwa kiuno na mgongo. Ukisimama kupumua, unashika chini, unaungua, na watu wote wanakula moshi. Nilipomaliza, jasho lilikuwa limelowesha kitenge chote. Nyapara akachovya kidole, akaonja, akasema, "Kesho njoo na kitambaa cha kichwani. Bwana Kambi hapendi nywele kwenye chakula." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Niwaeleze kambi ya mapito ilikuwa nini. Mgodi wa dhahabu ulihitaji watu wengi kuliko waliokuwepo karibu. Watu walikuja kwa miguu kutoka Uzinza, Usumbwa, Uha, na wengi walitoka ng'ambo ya mpaka, Urundi na Ruanda, nchi zilizokuwa chini ya Wabelgiji. Walipita Biharamulo na mafurushi yao, miguu imepasuka. Kabla ya kupewa kazi walikaa kwetu. Palikuwa na milango mitatu. Kwenye mlango wa Bwana Kambi, yaani Mzungu msimamizi, waliandikwa. Kwenye mlango wa dresa walipimwa. Dresa ndiye mganga msaidizi, anayefunga vidonda na kutoa dawa. Aliwapandisha watu kwenye mizani, akawagonga kifua, akawashika shingo kutafuta homa ya malale. Mlango wa tatu ulikuwa wangu, na hapo walikula.

Nilipoanza, lango la kambi halikufungwa. Vita vilikuwa vimechukua vijana, na Bwana Kambi aliimba wimbo mmoja tu: "Leta watu, leta watu." Hakuna aliyeulizwa katoka wapi. Ukiwa na mkono wa kushika sururu, karibu.

Kisha ikaja amri: wanaume tu. Mwanamke aliyefika na mumewe aliambiwa arudi alikotoka, kana kwamba Biharamulo ni uani. Wanawake wakawa wanalala vichakani nje ya ua, na waume zao wanawapelekea ugali mfukoni. Wakubwa wakaona wanaume wasio na wake hawakai. Leo yupo, kesho kamfuata mkewe, na kazi imelala. Basi amri ikageuka tena: waje na wake zao, wapewe na vipande vya kulima. Nyapara yule yule aliyewafukuza wanawake kwa fimbo akawa anawaambia, "Karibuni mama zangu, karibuni." Nilimcheka waziwazi.

"Unacheka nini, Mama Shija?"

"Nacheka ulivyopata adabu."

Enzi hiyo ya wake ndipo zilipozaliwa sufuria mbili. Kampuni ilitoa nyama kila Jumamosi, na mara nyingi ilikuwa ya mbuzi. Nikaona baadhi ya wanawake wanaipokea, wanawapa watoto au waume, wao wanakula ugali mkavu. Nikamwita mmoja kando.

"Nyama yangu ina kasoro gani?"

Akaangalia chini. "Kwetu mwanamke hali mbuzi, mama. Ataota ndevu."

"Mimi namla mbuzi tangu utotoni. Hebu njoo ukague kidevu hiki."

Akakikagua kweli! Akanishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga, tukacheka sote wawili. Lakini mbuzi hakula. Mimi sikubishana naye. Mamangu mzazi alikufa bila kuonja kambare, na hakuna aliyemlazimisha. Tangu Jumamosi iliyofuata nikaweka sufuria ya pili, ya maharage. Niliyapembua, nikayaloweka, nikayaunga kwa karanga. Asiyetaka mbuzi alipita upande wa maharage. Hakuulizwa neno. Wapo wa Geita hapa hapa waliopenda maharage yale wakaacha nyama, na wapo waliokuja na bakuli mbili, wezi wale.

Halafu sheria ikabadilika mara nyingine, na safari hii ilikuja na lori. Ilisemekana Wabelgiji wamelalamika kwamba watu wao wanakwisha, na huku kwetu nako wapo waliolalamika kwamba wageni wamejaa. Mimi najua kilichofika kambini tu: kila mtu wa ng'ambo sharti awe na kibali, yaani karatasi ya serikali ya kumruhusu kuingia. Wanaume waliokwisha kuandikwa kazini wasiguswe. Wanaofika sasa bila kibali wapandishwe lori la Jumatatu, warudishwe mpakani.

Wiki hiyo hiyo alifika Maria. Alikuja na mtoto mchanga mgongoni, na kifundo cha mguu kimevimba kama boga. Mumewe, Petro, alikuwa shimoni tangu mtoto hajazaliwa. Kwenye mlango wa Bwana Kambi aliulizwa kabila. Akasema ni Mzinza. Wa Uzinza hawakuhitaji kibali, maana Uzinza ni nchi hii hii. Bwana Kambi akamwangalia, akawaangalia wanawake waliokuwa nyuma yake, wote wamekuwa Wazinza kwa siku moja. Akasema wakae kwanza ndani ya ua mpaka ijulikane. Petro alikuwa kwenye mabanda ya wafanyakazi, umbali wa kupiga mluzi, na hakuruhusiwa kumwona mtoto wake.

Nilimpa Maria uji, nikamkanda mguu kwa maji ya moto. Akanishika mkono.

"Mama Shija, wakinipandisha lile lori, mtoto hatafika. Huko nyuma nimemvusha mito akiwa na homa. Tena siwezi."

"Kunywa uji."

"Nimekunywa."

"Kunywa mwingine."

Mpishi ana uji.

Ijumaa nyapara akaja jikoni. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata wazo.

"Mama Shija, kesho sufuria moja. Maharage usiweke. Mbuzi peke yake."

"Kwa nini?"

"Wewe unajua kwa nini. Wanawake wa ng'ambo hawali mbuzi. Atakayeacha nyama, ndiye. Wewe utasimama na upawa wako, utaangalia bakuli, utaniambia. Kazi rahisi, huhitaji hata kusema. Nyoosha kidole tu."

Nawaambieni, wajukuu, damu ilinipanda. Sufuria ile niliiweka ili mtu ale kwa raha. Sasa inaondolewa iwe mtego wa panya, na mimi ndiye chambo chake. Nikaweka upawa chini.

"Jikoni kwangu watu wanakula, hawapimwi."

"Unasemaje?"

"Umesikia. Masikio yako hayamo ndani ya kofia."

Akaenda kunishtaki. Bwana Kambi akaniita mlangoni kwake, nikaenda na mwiko wangu mkononi. Alikuwa Mzungu mwekundu wa shingo, mpole asubuhi, mkali jua likipanda, na Kiswahili chake kilichechemea.

"Mama Shija. Mimi nasikia wewe nakataa kazi."

"Kazi sikatai, Bwana. Nipe mapipa hata kumi, nitasonga."

"Hii amri ya serikali. Hata mimi napewa amri."

"Amri ipite mlangoni kwako, Bwana, una meza na wino. Ipite kwa dresa, ana mizani. Jikoni kwangu watu wanakula, hawapimwi."

Alishika kalamu, akaiweka. "Wewe nakataa, wewe napoteza kazi. Mume yako gonjwa. Watoto nakula nini?"

Hapo alinigusa penyewe. Nilikisikia kile kikohozi kana kwamba mume wangu yupo nyuma yangu. Niliona mapacha, niliona Shija. Lakini niliona pia Maria akipanda lori kwa kidole changu, na nikajua kwamba kidole hicho hakitanisaidia tena kula. Nikafungua kitambaa kichwani, nikakikunja, nikakiweka pamoja na mwiko wangu kwenye kizingiti chake, nikaondoka.

Jumamosi nilirudi kambini. Nilisema nimefuata chungu changu cha udongo, na kweli chungu kilikuwa changu. Lakini nilitaka kujua ya Maria. Nikasimama nje ya ua pamoja na Petro, ambaye alikuwa ametoka zamu na vumbi lake hajanawa. Alikuwa ameshika ua kwa mikono yote miwili.

Kwa kuwa mpishi hayupo, na wasaidizi wangu ghafla wote waliumwa tumbo, nyapara alipika mwenyewe. Kuchinja alijua. Kupasua hakujua. Mbuzi ana mfuko mdogo wa nyongo, umejificha kwenye ini. Mpishi anauondoa kwanza, taratibu, kama anavyobeba yai. Yeye alikata kama anapasua kuni. Nyongo ikapasuka, ikamwagika kwenye nyama yote, naye hakutambua. Akachemsha. Harufu ilipomfikia, akaongeza chumvi. Ilipozidi, akaongeza pilipili.

Wanawake wakapangwa mstari. Si wa ng'ambo peke yao. Waliwekwa na wa Usumbwa, wa Uzinza, hata Wasukuma waliofuata waume zao, ili ionekane tofauti. Bwana Kambi alikaa kwenye kiti, dresa pembeni yake. Maria alikuwa katikati, mtoto mgongoni, bakuli mkononi. Aliitazama nyama ile kama mtu anayetazama mto aliokwisha kuuvuka. Akachukua kipande. Mkono ukaanza kupanda.

Kabla haujafika mdomoni, mama mmoja wa Kisumbwa, mwanamke mkubwa aliyesimama mbele kabisa, akang'ata cha kwake. Akatafuna mara moja. Akatema mpaka kwenye viatu vya nyapara.

"Pwah! Nyapara, umepika mbuzi au dawa ya minyoo?"

Aliyemfuata naye akatema. Msukuma akatema. Mzinza akatema, akafuta ulimi kwa upande wa khanga. Maria akarudisha kipande chake kwenye bakuli, kwa utulivu kabisa, kama wenzake wote. Mstari mzima wakaanza kula ugali mkavu.

"Uongo!" nyapara akafoka. "Nyama nzuri! Wanafanya makusudi!" Akachota kipande kikubwa, akakitia mdomoni mbele ya Bwana Kambi. Mimi nilimwona vizuri kutoka nje. Macho yakamtoka. Alijitahidi, maskini, alijitahidi sana. Kisha akageuka upande akatema, na kofia nyekundu ikaanguka. Kumbe alikuwa na kipara.

Dresa, kijana wa misheni mwenye mdomo mwepesi, akasema, "Nyapara, kwa kipimo chako mwenyewe, Jumatatu na wewe panda lori."

Kambi nzima ikacheka. Petro akacheka huku machozi yanachora njia kwenye vumbi la uso wake. Bwana Kambi akaomba kipande, akaonja, akakitoa kwa leso. Hakucheka. Alitazama mstari wa wanawake wanaotafuna ugali mkavu, na watoto wao. Kisha akamwambia dresa, na sauti yake ilikuwa ya asubuhi ingawa jua lilikuwa kali:

"Hawa wanawake wana wanaume yao ndani ya shimo. Mimi narudisha hawa leo, kesho wanaume nafuata. Andika kila mwanamke chini ya kadi ya mume yake. Kwisha." Akasimama. "Na mtu moja naenda kwa Mama Shija, naambia yeye yarudi. Mimi nataka kula."

"Niko hapa, Bwana," nikasema kutoka nje ya ua. "Nimefuata chungu."

Maria alitoka langoni mchana ule ule. Petro alinyoosha mikono apokee mtoto, akaiona ilivyo michafu, akairudisha, akaifuta kwenye suruali iliyokuwa chafu kuliko mikono. Maria akamfungua mtoto mgongoni, akampa hivyo hivyo. Lori la Jumatatu lilikwenda na magunia matupu.

Nyapara hakunisamehe. Alisemasema kwa wakubwa mpaka nikahamishwa, akidhani ananiadhibu. Nikapelekwa Shinyanga, kwenye kambi iliyokuwa karibu na stesheni ya reli, ambako manamba walikusanywa kupelekwa mashamba ya mkonge. Manamba ni vibarua wa mkataba waliokuwa wakiitwa kwa namba zao badala ya majina. Huko nikafanywa mpishi mkuu, na Bwana Stesheni, yaani mkuu wa stesheni, aliniita kwa jina langu, nami nikawaita manamba kwa majina yao.

Shinyanga niliona sheria zikigeuka kama chapati. Mwaka huu manamba wanatakiwa, mwaka ujao hawatakiwi. Upande wa Songwa, kwenye almasi, waliweka ua na kupekua watu mpaka kwenye nywele. Nilidhani kibali ni mzigo wetu sisi weusi, hadi Mhindi aliyekuwa akituuzia chumvi akaniambia kwamba mpwa wake amezuiwa bandarini, kwa kuwa sheria mpya ya wageni inamtaka awe na karatasi ambayo hana. Alikuwa analia kwenye mizani yake. Nikamletea uji. Akasema, "Mama Shija, mimi si mgonjwa." Nikamwambia, "Kunywa uji."

Mwishoni yakaja maneno ya uhuru, na watu wakaanza kuulizana nani atakuwa mwananchi. Nilikuwa nikisonga huku nawasikiliza manamba wakibishana, Mnyamwezi na Mha na Mrundi, wanamega ugali mmoja. Nilifurahi. Niliona nchi inayokuja itakuwa na pipa kubwa kuliko langu, na mpaka leo naamini hivyo.

Mgongo uliposema basi, nikaacha kazi. Sasa nakaa Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege, na ndege zinapita juu ya paa langu na kuku wangu wamezizoea. Maria alikuwa akija kunitembelea mpaka uzee ulipomkataza safari. Siku moja nilimsimulia kisa cha ndevu, akanishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga, akacheka hadi akakaa chini. Ndevu kweli zimeota, chache, nyeupe. Mbuzi amenipata.

Mwaka huu walikuja vijana kutoka machimbo ya Mwakitolyo. Mjukuu wa Maria amepata shimo lenye dhahabu, na wenzake hawa wanataka aondolewe, wanasema si mzawa. Walinisalimia shikamoo vizuri, nikawaitikia marahaba, nikawanawisha mikono, wakala. Kiongozi wao alikula sana. Alipomaliza akasema, "Bibi, wewe ndiye ulikuwa na zile sufuria mbili. Tuambie tu, bibi yake alikula ipi?"

Nilimtazama usoni. Bibi yake yeye pia nilimlisha, kambi ile ile. Nakumbuka alisimama upande gani. Sikumwambia lile wala hili. Nilimwongezea mboga.

Na ninyi mnaosoma, nawaona mnavyorudi nyuma kwenye karatasi kutafuta Maria alikuwa mtu wa wapi. Hamtaona. Nitawajibu nilivyomjibu nyapara, na Bwana Kambi, na kijana yule wa Mwakitolyo aliyeondoka na bakuli tupu:

"Jikoni kwangu watu wanakula, hawapimwi."